Mgeni Aliyekula Bando la Shule

Kitendawili! Nawasikia: “Tega!” Haya, mgeni wangu hapigi hodi wala hanawi mikono, amelala fofofo, lakini chakula cha nyumba nzima anakimaliza. Ni nani? Msinipe mji kwanza. Mfuateni Marcelina wa Usoke.

Kila asubuhi Marcelina, mwanafunzi wa darasa la sita, alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao na kupangusa vumbi. Kisha alipanga mezani simu za wanakijiji wanaoishi mbali na nguzo za umeme, zichajiwe kwa umeme wa jua. Juu ya paa kulikuwa na dishi la intaneti ya setilaiti. Bando lake lilikuwa la mwezi mzima. Likiisha, ndiyo basi mpaka mwezi mwingine.

Siku hizo lilikuwa likiyeyuka kama sukari kwenye chai.

“Nani anakula bando letu?” Mwalimu Raymundi aliuliza mstarini. “Kabir, si wewe unayeshinda ukitazama mpira?”

“Haki ya Mungu, Mwalimu, si mimi!”

“Usiingie tena chumba kile. Na bando likiisha mapema tena, tunakifunga kabisa.”

“Mlafi wa bando!” wenzake wakamzomea. Kabir, mtoto wa muuza duka wa stesheni ya treni, akainamisha kichwa.

Marcelina hakuridhika. Mchana alizima kompyuta zote, akabakiza moja ya kuonyesha matumizi. Lo! Matumizi yakazidi kupanda. Akaanza kuzima zile simu, moja baada ya nyingine. Alipozima ya bibi yake, Kashindye, yakatulia tuli.

Hapo akakumbuka. Kitukuu wa Bibi alipobatizwa kule Bukene, Marcelina mwenyewe ndiye aliyeingiza neno la siri la intaneti ya shule kwenye simu ile, ili Bibi aone picha za mtoto. Tangu hapo, kila ilipoletwa kuchajiwa, simu ilijiunga yenyewe na kuvuta video zote alizotumiwa za kwaya ya Kanisa la Moraviani.

Jioni akamweleza Bibi yote, pamoja na yaliyompata Kabir.

“Ee! Nami nilidhani kwaya inakuja bure kama mvua!” Bibi akacheka, kisha akauliza, “Na huyo Kabir, mtoto wa watu?”

“Kesho nitasema ni simu, Bibi.”

“Simu haina vidole, mjukuu wangu. Haikujiandikia neno la siri.”

Kesho yake, mstarini, Marcelina alieleza alivyozima kompyuta, kisha simu, mpaka akamnasa mlaji: simu moja kati ya zile za kuchajiwa. Hakusema ya nani.

“Mtoto huyu ni fundi!” Mwalimu Raymundi alishangilia. “Mpigieni makofi! Chumba hakifungwi. Kabir, nisamehe, mwanangu, rudi ukasome. Mmeona, wanangu? Mimi nilihukumu kabla ya kuchunguza. Marcelina alichunguza kwanza. Igeni mfano wake, si wangu.”

Makofi yakarindima. Kabir alipiga kuliko wote, meno yote nje.

“Neno la siri tutalibadilisha leo,” Mwalimu akaendelea. “Limebaki swali moja tu. Hilo la zamani, nani aliliweka kwenye simu ya mtu?”

Wanafunzi wakatazamana. Wengine wakaanza kumgeukia Kabir.

Marcelina akatazama mikono yake, kisha akaiinua juu yote miwili.

“Ni mimi, Mwalimu. Vidole ni hivi hapa.”