Namba Saba Asimalize Mechi

Jumapili ile ilikuwa tulivu, na nyinyi mnajua mtaa wetu wa Gatwekera haupati Jumapili nyingi za namna hiyo. Tulikuwa tumetoka kanisani. Jirani yangu Magdaline, ambaye chumba chake na changu vimetenganishwa na bati moja tu, alikuwa mlangoni akikaanga omena. Mwanawe Ian ameketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, anapiga brashi viatu vyake vya shule. Cherehani yangu ilikuwa imepumzika, nami nimenyoosha miguu nje. Tulikuwa tunasengenya kwaya kidogo, sikatai.

Mara tukasikia watu wanakimbia. Lazarus Obonyo, mume wa Magdaline, aliingia kichochoroni shati limechanika, na nyuma yake rafiki yake Mbithi, anahema.

"Mama Ian, ukiulizwa, mimi nimeshinda hapa leo," Lazarus akasema.

"Umeshinda hapa wapi? Umefanya nini tena?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Polisi walikuwa tayari mlangoni. Waliwafunga pingu wote wawili mbele ya mtoto, omena ikaungua, na Ian akabaki ameshika brashi mkononi asijue aiweke wapi.

Ngoja niwaambie walichokifanya, na mniambie kama mimi ndiye mkali. Wanaume hawa wawili walikuwa wamekwenda mtaa wa Kawangware kutazama mechi ya watoto wa hapa kwetu na wa kule. Watoto, narudia! Refa, kijana mmoja mwalimu wa chekechea anayeitwa Nzomo, akawapa watoto wa Kawangware penalti. Lazarus, mwanamume mwenye ndevu, akaingia uwanjani akampiga ngumi ya mdomo. Kijana alipoanguka, Mbithi akamwongeza teke. Jino likatoka. Watoto wa darasa la chini wamesimama pale wanatazama.

Korti haikuwapeleka ndani. Iliwapa kifungo cha nje, wahudumie jamii kwa miezi sita. Afisa wao wa probesheni, mama mmoja mpole wa sauti lakini asiyecheka ovyo, anaitwa Muthoni. Aliwapangia kazi mwenyewe.

"Mnapenda mpira mpaka mnatoa watu meno," aliwaambia. "Basi mtaufundisha. Timu ya watoto ya Gatwekera haina kocha. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, bila malipo. Nikisikia ujinga wowote, mnarudi kwa hakimu, na hapo mtalala ndani."

Nilimsikia Lazarus kupitia bati akicheka jioni hiyo. "Hii si kifungo, Mama Ian. Hii ni likizo!"

Magdaline mwenyewe alifurahi, maskini. Msimlaumu. Mume wake alikuwa mtu wa kutoka asubuhi na kurudi akiwa amejaa pombe za vilabu vya Kisumu Ndogo. Siku moja mwalimu alimpigia simu Lazarus kumuuliza jambo la Ian, naye akamuuliza mwalimu mtoto wake yuko gredi gani. Baba mzazi! Kwa hiyo Magdaline akaona afadhali, angalau sasa mtoto atamwona babake mchana.

Na kweli alimwona. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mbithi, nimseme kwanza kwa sababu anastahili, alianza vibaya kama mwenzake. Mbithi ni mtu wa Machakos, kazi yake ni mjengo, anaishi peke yake. Siku ya kwanza alifika uwanjani ananuka chang'aa. Mtoto mmoja akamuuliza, "Kocha, ni ukweli ulipiga refa akiwa chini?" Mbithi aliniambia baadaye kwamba swali hilo lilimkosesha raha wiki nzima. Mwishowe akafunga safari mpaka Kawangware, akamtafuta yule Nzomo, akamwomba msamaha, kisha akamwomba aje awafundishe watoto sheria za mchezo. Na yule kijana, Mungu ambariki, akaja.

Lazarus alipowaona pamoja alikasirika kabisa.

"Manze Mbithi, kwani umeolewa na huyu refa?"

"Nimemkosea, Laza. Na wewe pia."

"Mimi? Mimi sina deni na mtu wa Kawangware."

Basi wakagawana watoto. Mbithi alifundisha kupiga pasi na kumsaidia mwenzako akianguka. Na Lazarus alifundisha nini? Jinsi ya kuvuta jezi refa akigeuka. Jinsi ya kumkanyaga mtu vidole na kuinua mikono juu kana kwamba hujafanya kitu. Jinsi ya kujitupa chini, kubingirika na kulia. Nililiona darasa hilo kwa macho yangu nikipita na nguo za wateja. Watoto wamejipanga mstari, wanajitupa chini mmoja baada ya mwingine, na kocha anawapa alama!

Na sisi watu wazima tulifanya nini? Timu ilianza kushinda, watu wakapiga makofi. Wazazi walioacha watoto wao wakizurura miaka yote sasa walijaa pembeni mwa uwanja wakisema tumepata kocha wa maana. Nilimwambia Lazarus usoni kwamba anaharibu watoto wa watu.

"Mama Lavender," akanijibu, "wewe shona nguo. Mpira waachie wanaume."

Wanaume wakacheka. Nikabeba nguo zangu nikaondoka.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Ian. Mtoto yule alikuwa amebadilika uso. Babake sasa alimwita "simba yangu" mbele ya watu, akamshika kichwa, akatembea naye kurudi nyumbani. Ian alikuwa akisimama mlangoni kwangu kuniambia, "Mama Lavender, Baba amesema hakuna beki kama mimi." Mara kesho yake tena, "Baba amesema nitakuwa kama yeye." Alisema hivyo akitabasamu mpaka masikioni. Mtoto amekaa na njaa ya babake miaka yote, sasa anapewa sahani. Unafikiri atauliza kimepikwa nini?

Ikafika Jumamosi ya kurudiana na Kawangware. Mimi sikwenda, nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Nawaambia nilivyoambiwa na Mbithi na watoto wenyewe, na hakuna aliyetofautiana na mwenzake.

Kipindi cha kwanza Kawangware walikuwa wanaongoza kwa bao la mtoto mmoja aliyevaa namba saba. Wakoli, mwana wa Nasipwondi, mama anayefulia watu nguo kule. Mtoto mwembamba, mwepesi, hakamatiki. Mapumziko yalipofika, watoto wetu waliketi chini wakilamba glukosi viganjani. Lazarus akachuchumaa mbele ya Ian, akamshika mabega.

"Unamwona namba saba?"

"Ndio, Baba."

"Namba saba asimalize mechi."

"Nimfanye nini?"

"Wewe ni mtoto wa nani? Unajua cha kufanya. Mguu, basi."

Timu nzima ilisikia. Mbithi alisikia. Na wazazi wetu waliokuwa wamesimama nyuma yao walisikia pia, na mmoja akasema kwa kicheko, "Sikia babako, Ian!" Hakuna aliyesema hapana. Hata mmoja! Mbithi aliniambia alifungua mdomo, akawatazama wale watu wakicheka, akaufunga tena.

Kipindi cha pili hakikuwa kimekwenda mbali. Wakoli alipita na mpira, Ian akaja kwa nyuma na kuruka na miguu yote miwili. Wanasema mlio wa ule mfupa ulisikika mpaka kwa wauza miwa. Nzomo, aliyekuwa refa, alimbeba mtoto mwenyewe, akakimbia naye mpaka barabarani kutafuta gari la kumfikisha hospitali. Na Ian? Ian aligeuka kumtazama babake, aone kama amefurahi.

Kikao kiliitishwa katika ukumbi wa kanisa moja Kawangware. Hicho nilikihudhuria. Mwenyekiti wa ligi alikuwapo, Afisa Muthoni alikuwapo, Nasipwondi amekaa mbele na kitenge chake amekikunja mikononi. Ian alisimamishwa katikati. Mwenyekiti akasema wazi: ikiwa mtoto aliumiza mwenzake kwa makusudi yake, anafukuzwa kwenye ligi, na jina lake linapelekwa kwa afisa wa watoto. Ikiwa alitumwa, basi aseme ni nani.

"Ian, nani alikuambia ufanye hivyo?"

Ian akamtazama babake. Sote tulimwona akimtazama.

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Baba Ian, sema kitu," Magdaline akasema kwa sauti ndogo.

Sasa sikilizeni, watu wangu, maana hapa ndipo nashindwa kutulia hata leo. Lazarus alisimama, akavuta shati lake vizuri, akasema:

"Niseme nini? Huyu mtoto ana kichwa ngumu. Hata mimi amenishinda. Nikifika nyumbani nitamchapa vizuri."

Yawa! Alijua akisema ukweli anakwenda jela, basi akamtanguliza mtoto. Na wale wazazi wetu waliosikia kwa masikio yao walikuwa wamejaa safu mbili za viti vya nyuma. Niliwageukia. Kila mmoja anatazama sakafu, kana kwamba ukumbi umepigwa terazo jana. Na Ian anatikisa kichwa kukubali kwamba yeye ndiye mwenye kichwa ngumu.

Mbithi ndiye aliyesimama.

"Afisa, huyo mtoto anadanganya. Babake ndiye alimtuma. Alimwambia namba saba asimalize mechi. Mimi nilikuwa karibu kama hapa na hapo, na nikanyamaza. Kama ni kufungwa, nifungeni na mimi."

"Mbithi!" Lazarus akapiga kelele. "Sisi ni marafiki!"

"Ndio. Na huyu ni mtoto wako."

Hapo watoto wa timu wakaanza kusema, mmoja, mwingine, wote. Muthoni hakupandisha sauti. Aliwarudisha Lazarus na Mbithi kwa hakimu. Lazarus akapelekwa ndani. Mbithi, kwa kusema na kukiri, akaongezewa miezi ya kifungo cha nje, na hata leo bado anafundisha wale watoto ingawa hakuna anayemlazimisha tena. Jina la Ian halikupelekwa popote.

Wakoli alitoka hospitalini na plasta. Mfupa ulishikana vibaya. Anatembea, lakini anauvuta mguu, na mpira kwake umekwisha. Magdaline alimchukua Ian wakaenda kuomba msamaha, nami nikawasindikiza. Nasipwondi alitukaribisha, akatupa chai, akamgeukia Ian.

"Mimi sina hasira na wewe, mwanangu," alisema. "Aliyekutuma ndiye namngoja hapa mlangoni."

Mpaka leo anamngoja.

Kifungo kilipoisha, Lazarus alirudi amekonda, ameacha pombe, anaongea polepole. Watu wakasema amefunzwa. Asubuhi ya Jumamosi moja nilimsikia kupitia bati akimwita Ian kwa upole, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Ian, kuja. Twende uwanjani tucheze kidogo, mimi na wewe."

"Sawa, Baba."

Nikasikia mtoto anavuta viatu chini ya kitanda. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, namna anavyomuuliza mamake anunue nini dukani:

"Leo unataka nimuumize nani?"

Hakuwa anamdharau. Alikuwa anauliza. Nilingoja jibu la Lazarus mpaka mkono wangu ukauma juu ya cherehani. Nilichosikia ni mwanamume mzima analia, na Magdaline akimwambia mtoto atoke nje kidogo.

FUNZO

Mtoto akipewa mapenzi ya mzazi kwa sharti la kutenda ubaya, atautenda, na atajiona mtoto mwema. Kwa hiyo wewe baba, wewe mama, wewe kocha, chunga unachomwomba mtoto, kwa maana atakifanya. Korti inaweza kumpa mtu filimbi na timu, lakini haiwezi kumpa roho ya kulea. Mbithi aliitafuta mwenyewe kwa kwenda kuomba msamaha. Lazarus alikataa, na leo anaishi na mtoto anayemtii hata katika ubaya.

Na sisi wengine tusijifiche nyuma ya Lazarus. Waliocheka pembeni mwa uwanja wanatembea kichwa juu hapa Gatwekera, wengine tunaimba nao kwaya. Ukisikia mtu mzima anamfundisha mtoto ukatili, hata kama ni mtoto wake, hata kama timu yenu inashinda, sema pale pale. Usingoje kikao. Siku ya kikao mguu wa Wakoli ulikuwa umeshavunjika.