Sponji ya Kiti cha Nyuma

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba hiki. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na mlango wake mpana unatazama barabara ya vumbi. Kushoto ipo cherehani nzito ya kushonea viti. Ukutani zimeegemezwa ngozi bandia za kila rangi, zimeviringishwa kama mikeka. Upande wa pili wa pazia nyundo inalia, maana huko ndiko iliko gereji ya mume. Na hapa katikati, juu ya meza, kimelazwa kiti kirefu cha pikipiki kuukuu, na mwanamke mwenye mkasi anakichuna ngozi taratibu, bila haraka yoyote. Umemwona? Basi fumbua macho.

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa viti, na mumewe fundi wa pikipiki. Walikuwa na binti mmoja wa darasa la kwanza, mwenye pengo la meno mawili mbele na maswali yasiyokwisha. Pikipiki yenyewe mume aliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa dereva mmoja wa bodaboda, ambaye alifurahi mno kuiona ikiondoka. Alitaka kuigeuza iwe kafe resa, zile pikipiki za mtindo wa zamani zenye usukani ulioinama, zilizovuliwa kila kisicho cha lazima, na zenye kiti cha mtu mmoja kilichotuna nyuma kama nundu. Alisema akiisimamisha pale mlangoni, watu watajua mikono yake inaweza nini.

"Na mimi nitakaa wapi?" mkewe alimuuliza.

"Wewe ni fundi mkuu. Fundi mkuu hapakiwi."

"Sema tu umechoka kukumbatiwa kiuno."

Mume alicheka, akarudi kwenye nyundo yake. Mke akamalizia kuchuna ngozi, na hapo ndipo alipoona kitu kidogo kisicho sawa.

Sponji ya mbele, anapokaa dereva, ilikuwa imechoka kama sponji yoyote. Ya nyuma ilikuwa na bonde la kukalia, limedidimia, kama kwamba mtu yupo juu yake wakati uleule. Aliweka kiganja. Palikuwa na joto, joto la mahali ambapo mtu ametoka kuinuka. Akaigeuza chini juu, akaenda jikoni kutia maji ya chai. Aliporudi, bonde lilikuwa juu.

Akajiambia labda aliigeuza mara mbili. Akaitoa uani, akaianika, na jioni ikawa imejaa kama mpya.

Siku hiyohiyo, wakati wa kula, mume alilalamika kuhusu vikanyagio vya abiria. Kila alipovikunja, alikuta vimeshuka, vimetandazwa kama vinavyosubiri miguu. Alisema springi zake zimekufa, na ya nini kuhangaika navyo, wakati kafe resa haina abiria. Akawasha grenda, akaukata mkia wote wa fremu pamoja na vikanyagio vyake, akautupa nyuma ya mlango. Mke alisema baadaye kwamba chuma kile kilipokatika, alisikia mtu akivuta pumzi karibu sana na sikio lake.

Sasa, kosa lilifanyika hapa, na fundi yeyote mzuri angelifanya. Sponji ya zamani ni nzito, si kama hizi za siku hizi zinazobonyea kwa wiki mbili, na fundi anayejua kazi haitupi. Ile ya mbele aliichonga, akaifanyia kiti kipya cha mtu mmoja. Ile ya nyuma akaikata mraba, akaivisha ngozi nyekundu, ikawa mto wa kiti cha binti yake, maana mtoto alikuwa akilalamika kila siku kwamba kiti chake cha kusomea kinamuumiza. Chengachenga zilizobaki alizisokomeza ndani ya kimto cha sindano, kile anachokifunga kwenye kifundo cha mkono kama saa anaposhona. Hakuna kilichopotea. Akajisikia vizuri.

Pikipiki ilitoka ikiwa kitu cha kutazamwa. Tangi liling'aa jeusi, na mstari mmoja mweupe ukapita katikati. Mume aliizungusha mtaa mzima, akarudi akitabasamu mpaka masikioni. Alisema imekuwa nyepesi kama iliyotua mzigo.

Binti ndiye aliyebadilika. Alianza kukalia pembeni ya kiti chake. Mama alidhani ni utoto tu, akamwambia akae katikati asije akaanguka. Mtoto akasema amesogea. Siku ya tatu alikuwa amekalia robo ya kiti, mguu mmoja umejikaza sakafuni, na ule mto mwekundu ulikuwa na bonde upande ambao hakuwepo mtu. Chumbani palinuka petroli na vumbi la moto la barabarani, hata mlango ulipokuwa umefungwa na pikipiki iko mbali. Siku ya tano alikula amesimama. Mama alimgusa shavu, akalikuta la baridi. Alipombeba kumpeleka kulala, nusura amwangushe, kwa sababu mtoto yule mwembamba kama ufagio alikuwa mzito kama watu wawili.

Siku ya sita, adhuhuri, jua likiwa utosini na mtaa mzima umenyamaza kama uliozibwa mdomo, mama alikuwa kwenye cherehani na binti ametoka shuleni, amejiinamia na daftari lake. Mama akasikia kiti kikilia, kile kilio cha mbao inayopokea mtu mzima, akainua macho, akaona kwamba mtoto sasa amekaa kitini kote, lakini amekaa upande, miguu yote miwili imening'inia kushoto, visigino vimepandana kama wafanyavyo wanawake waliovaa sketi wanapopakiwa, na mkono wake wa kulia umenyooka mbele yake hewani, umepinda kidogo, umeshika kiuno cha mtu ambaye hayupo, na nywele zake zinapepea nyuma ilhali chumbani hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti.

"Tunafika lini?" mtoto aliuliza, kwa sauti tulivu ya mtu mzima aliyechoka na safari.

Mama aliiacha cherehani ikizunguka. Akamfikia, akamnyanyua, akambana kifuani. Baada ya muda mtoto akanong'ona kwa sauti yake mwenyewe.

"Mama, amesema kesho nisogee tena. Nimemwambia kiti kimejaa. Akasema bado nafasi ipo, ndani yangu."

Mume hakusubiri chai ya jioni. Alimtafuta yule dereva aliyemuuzia, akamkuta kwenye kijiwe chao, na mwanzoni dereva alijifanya hakumbuki pikipiki yoyote. Mume alimwambia habari za mtoto. Dereva akainamisha kichwa, akasema yote. Adhuhuri moja, kwenye kona ya machimbo ya kokoto, alipanda mwanamke mmoja, akakaa upande, akasema twende tu, nitakuambia tukifika. Hakumwambia. Dereva alipogeuka mjini hakuona mtu nyuma, ila shokapu, zile springi za gurudumu la nyuma, zilikuwa zimelala vilevile. Tangu siku hiyo abiria wake wote walimlaumu kwamba anawabana na mtu mwingine.

Mume alikuwa na shangazi yake aliyejulikana kwa kutibu mambo ya namna hiyo, mama wa miwani minene, asiyependa makelele. Aliingia, akamtazama mtoto, akaugusa ule mto mwekundu kwa ncha ya kidole, akakiondoa kidole haraka.

"Hili jini halina hasira na ninyi," alisema kwa sauti ya chini. "Lilipanda, na halijashushwa. Ninyi mmelikatia kiti, sasa linatafuta kingine. Mnarudisha kiti chake, mnalipeleka lilikopandia, saa ileile, mnaliambia limefika. Na wewe mkwe wangu, ni sponji yote. Hata chembe isibaki nyumbani."

"Shangazi, ile pikipiki ndiyo kwanza imekamilika," mume alisema.

Shangazi alimtazama juu ya miwani. Mume akageuka, akaenda nyuma ya mlango, akauokota ule mkia. Akauchomelea tena usiku kucha, na rangi aliyoipaka kwa siku nne ikababuka mbele ya macho yake. Mke naye aliufumua mto, akairudisha sponji kwenye umbo lake la zamani, akaishonea ngozi ileile iliyochakaa. Alifagia chumba mara tatu. Akafagia na chini ya kitanda.

Asubuhi vikanyagio vilikuwa vimeshuka vyenyewe. Hakuna aliyevikunja.

Mume aliondoka kabla ya adhuhuri. Shangazi alimwonya asigeuke mpaka shokapu zinyanyuke. Pikipiki ilipita mlangoni imelala nyuma kama iliyopakia gunia, na mke akaingia ndani, akamshika mwanawe mkono, akangoja mkono ule upate joto. Haukupata. Akangoja tena. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, upande, visigino vimepandana.

Ndipo alipohisi kifundo cha mkono wake mwenyewe kimeshikwa. Kilishikwa taratibu, kama abiria anavyoshika dereva anapokata kona. Akatazama chini. Alikuwa amevaa kile kimto cha sindano. Alikivaa usiku kucha akishona, na wala hakukikumbuka, kama usivyoikumbuka pete kidoleni.

Alimwachia shangazi mtoto, akatoka mbio mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda ya kwanza aliyoiona. Dereva alikuwa kijana mcheshi mwenye kofia ya njano. Mama akamtajia kona ya machimbo, akamsihi akimbize. Na njia nzima alikibana kile kimto kifuani kwa mikono yote miwili, akisikia nyuma yake, mahali ambapo kiti kilikuwa kimekwisha na palibaki taa ya nyuma tu, mtu akijisogeza kidogo kidogo kutafuta pa kukaa, akisikia pumzi ya moto yenye vumbi ikimpuliza shingoni, na pikipiki ikizidi kulemewa kadiri walivyokaribia, hata dereva akaanza kupiga gia kwa taabu na kutazama tairi kama amepata pancha.

"Mama, mbona kama mko wawili?" aliuliza, akicheka.

Mama akamhimiza akaze mwendo.

Walimkuta mume kwenye kona, amekaa juu ya pikipiki yake, macho mbele, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Shokapu zilikuwa zimelala. Alikuwa ameshasema maneno yale mara saba, na kila mara aliposema, mkono mmoja ulimkaza kiuno zaidi. Mama aliruka chini. Dereva wa kofia ya njano, alipoona sura ya yule mwanamume, hakungoja hata kuagwa. Aligeuza, akatokomea na vumbi lake. Mama alikipenyeza kimto chini ya ngozi ya kiti cha nyuma, akarudi hatua mbili.

"Tumefika," alisema. Akalirudia neno kwa upole, kama anavyomwamsha mwanawe. "Tumefika, dada. Shuka."

Kwanza hakikutokea kitu. Halafu ngozi ya kiti ikajaa polepole, shokapu zikapanda, moja baada ya nyingine, na kokoto za pembeni ya barabara zikabonyea kidogo, hapa, kisha pale, kuelekea kwenye machimbo. Walikichomoa kiti chote cha nyuma, wakakiacha palepale. Nyumbani walimkuta mtoto amekaa katikati ya kiti chake kigumu kisicho na mto, miguu mbele, anamuuliza shangazi kwa nini miwani yake ni minene. Mama alimshika shavu. Lilikuwa la moto.

Mume aliukata tena ule mkia. Safari hii mkewe alimwambia auache hata nusu, naye akauacha nusu, na wateja walisema pikipiki inapendeza zaidi hivyo.

Wiki tatu zilipita. Kisha mchana mmoja, mama akiwa kwenye cherehani, pikipiki ilisimama mlangoni, na kijana akaingia amebeba kiti kirefu begani. Alikuwa amevaa kofia ya njano. Hakuwa mcheshi tena. Alisema anataka kubadilishiwa sponji, imelala upande wa nyuma, haiinuki hata akiianika. Tena vikanyagio vya abiria vinamsumbua. Akivikunja, vinashuka.

Mama aliweka mkasi chini. Aliikumbuka ile kona, alivyoruka yeye, alivyosema tumefika akiwa ameielekea pikipiki ya mumewe, na ile nyingine ilivyokuwa tayari imeondoka nyuma yake na vumbi lake, na yule aliyejisogeza kitini hajaambiwa ashuke.

"Mwanangu," alisema taratibu, "tangu siku ile uliyonipakia, nyumbani kwako kuna nani anayekaa pembeni ya kiti?"

Kijana alikiteremsha kiti begani.

"Mke wangu," alisema. "Ni mjamzito. Anasema anabanwa."

Mama alisimama, akamwita mumewe kupitia pazia akamlete shangazi, akaanza kutafuta viatu vyake.

Nawe uliyeniazima masikio mpaka hapa, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukifika unakokwenda, kabla hujaiacha njia, wahesabu mliopanda, kisha wahesabu walioshuka.