Ngazi za Nyumba ya Makumbusho

Kila asubuhi Ephrasia alimpitia binamu yake Joviana nyumbani kwao Kashozi, wakaongozana hadi shuleni. Joviana alitembea kwa magongo. Ephrasia alibeba mikoba yote miwili, na mvulana yeyote aliyethubutu kuiga mwendo wa Joviana alipigwa papo hapo. Wote wawili walikuwa darasa la sita.

Joviana alipoteza mguu wakati wa vita vya mpakani. Alikuwa amekwenda kumtembelea shangazi yake karibu na Kyaka, bomu likaangukia shamba. Shangazi alikufa hapo hapo. Joviana aliokotwa chini ya migomba iliyokatika, mguu wake wa kushoto umesagika.

Vita vilipokwisha, Mwalimu Immakulata aliwapeleka wanafunzi wake Bukoba mjini kuona nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa karibuni. Aliwaambia kwamba ndani kuna mikuki, vyuma vilivyofuliwa na mababu, na ngoma za Omukama, mtawala wa zamani. Joviana alizizungumzia ngoma hizo wiki nzima.

Nyumba ilikuwa na ngazi za mawe, nyembamba na za kusimama. Mvua ilikuwa imenyesha, zikawa na utelezi. Mwalimu alitangulia ndani kuonana na msimamizi. Mlangoni alisimama mlinzi, Mzee Rugaibula, fimbo mkononi.

Ephrasia alichuchumaa. "Panda mgongoni mwangu."

"Sitaki. Mimi si gunia la kahawa," Joviana alijibu. "Nitapanda mwenyewe, polepole."

Ephrasia hakusikiliza. Alimkamata kiunoni ili amwinue kwa nguvu. Walipokuwa wakivutana, mlinzi alishuka.

"Mnazuia wenzenu! Huyo kiwete angoje nje. Humu hawaingii watu wa kutambaa."

"Nimekuja kuona kama wengine," Joviana alisema, akaweka gongo kwenye ngazi ya kwanza.

Rugaibula alilipiga gongo kwa fimbo yake. Liliruka pembeni. Joviana alianguka kifudifudi, kidevu kikagonga jiwe na kupasuka.

Ephrasia alimrukia mlinzi, akamng'ata mkono. Fimbo ilimshukia begani, kisha kichwani. Mwanafunzi mwenzao, Datius, alirusha jiwe, na wengine wakafuata. Kioo cha dirisha kilivunjika. Damu ikimwingia machoni, Ephrasia aliokota jiwe kubwa akamrushia mlinzi kwa nguvu zake zote. Rugaibula aliinama. Jiwe likampata Joviana, aliyekuwa akijaribu kuinuka, juu kidogo ya jicho.

Joviana hakulia. Alianguka tena, akatulia kimya. Mikono yote ikashuka.

"Nimemuua," Ephrasia alinong'ona.

Hakuwa amemuua. Hospitalini Joviana alishonwa kidevu na paji la uso, na daktari akasema jicho halikudhurika. Mwalimu Immakulata aliuliza nani alirusha jiwe lile. Datius alitazama chini.

"Ni mimi, Mwalimu," Ephrasia alisema.

Alipobaki peke yake na binamu yake, alianza kulia. "Nilikuwa nakutetea."

"Mlinzi hakunisikiliza," Joviana alisema kwa shida, maana kidevu kilimuuma. "Na wewe hukunisikiliza. Mliponiacha chini mkapigana, nani alinitazama?"

Ephrasia alikaa kando ya kitanda hadi jioni.

Kesho yake msimamizi wa makumbusho, Bwana Aroni, alifika hospitalini akiwa na Rugaibula, aliyefungwa bendeji mkononi. Rugaibula aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusikia," Joviana alijibu. Zaidi ya hapo hakusema, na mzee hakumlazimisha.

"Tutaweka vijana wawili wenye nguvu," Bwana Aroni alisema. "Watakuwa wakikubeba."

"Hapana, Bwana. Nataka njia ya mteremko isiyo na ngazi, na ubao wa kushikia. Na vitu vilivyowekwa juu humo ndani vishusheni, hata anayekaa chini avione."

"Hilo sikulifikiria," Bwana Aroni alikiri. "Litafanyika."

Ikawa kazi ya ujamaa. Wazazi walikuja na majembe na makarai, wanafunzi wakabeba changarawe. Rugaibula, aliyekwisha kuondolewa mlangoni, alivunja mawe kwa nyundo tangu asubuhi. Ephrasia alibeba mawe hadi viganja vikachubuka. Mara kwa mara Joviana aliijaribu njia kwa magongo yake. "Hapa bado pamesimama mno," alisema, nao wakapasawazisha.

Njia ilipokamilika, wa kwanza kupanda alikuwa askari aliyekatika miguu yote miwili vitani, akiendesha kigari cha magurudumu. Watu walimpigia makofi. Mwalimu Immakulata aliwakusanya wanafunzi wake karibu na mlango.

"Watoto wangu, hasira yenu mliiona haki, lakini ilimwaga damu ya mwenzenu, na ngazi zikabaki pale pale. Mlemavu si mzigo wa kubebwa, wala si sababu ya kurusha mawe. Muulizeni anahitaji nini, msikilizeni, kisha fanyeni kazi mpaka kipatikane. Mlango usiopitika kwa mmoja wetu ni mlango mbovu. Turekebishe mlango, tusimlaumu mtu."

Ephrasia alimgeukia binamu yake. "Nikusaidie nini?"

Joviana alijaribu kuusukuma mlango. "Mlango ni mzito. Nishikie."

Ephrasia aliushika mlango, akasimama kando. Joviana akapita, akaingia.