Herufi Mbili za Daktari Mbio

Kila asubuhi Kimya alifanya mambo manne kabla ya kufungua faili la kwanza. Alifuta meza kwa kitambaa kibichi. Alichonga penseli mbili. Aligeuza kiti mpaka ule mguu mbovu ukakaa upande wa ukuta. Kisha alimimina chai na kunywa nusu kikombe. Nusu ya pili aliiwekea saa nne.

Jumanne hiyo chai haikufika mdomoni. Kiganja cha mtu kilipiga kioo cha dirisha la ofisi. Paa! Chai ikamwagika juu ya meza iliyokwisha kufutwa.

"Nani kaniandikia kifafa humu ndani?"

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa kizibao cha njano cha madereva. Mgongoni alibeba mtoto mchanga aliyelala fofofo, kana kwamba kelele za mama yake ni bembea. Mkononi alishika karatasi.

Kimya alinyakua kitambaa, akaanza kufuta chai.

Kimya halikuwa jina lake. Wenzake ndio waliompachika, kwa sababu alisema kama mtu aliyeazima sauti na anaogopa kuichakaza. Alifanya kazi katika ofisi ya kumbukumbu za hospitali. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, faili lake lililetwa pale. Kimya alilisoma lote, kisha akaugeuza ugonjwa kuwa msimbo, yaani herufi moja na tarakimu chache. Kila ugonjwa una msimbo wake, na misimbo hiyo inafanana nchi nyingi.

Watu wengi huiita misimbo hiyo kodi, kwa kufuata neno la Kiingereza. Hapo ndipo mjomba wake alipopatia neno.

"Siku hizi hata mafua yanatozwa kodi?" alimuuliza siku moja mezani. "Basi mimi nimekwepa miaka mingi!"

"Sio kodi hiyo, mjomba," Kimya alijibu, lakini kwa sauti ndogo mno. Hakuna aliyemsikia. Mpaka leo mjomba anaamini mpwa wake ni mtoza ushuru.

"Nauliza tena," mwanamke wa dirishani alisema. "Mimi naendesha basi la shule. Barua yenu inasema nina kifafa. Mwenye shule kaisoma. Kanipa mpaka Ijumaa nilete barua nyingine, la sivyo nashuka kwenye usukani. Mimi sijaanguka kifafa maisha yangu yote, ila ile siku moja ya kujifungua!"

Watu kwenye foleni waligeuza shingo. Kimya aliona aibu kwa niaba yake. Ugonjwa wa mtu si habari ya foleni. Alifungua mlango wa pembeni, akamwingiza ndani, akampa kiti kizuri.

Kisha aliisoma karatasi. Msimbo ulikuwa G40, kifafa. Chini yake palikuwa na saini ndogo kama mdudu.

Ilikuwa saini yake mwenyewe.

Alitoa faili rafuni, akafunua ukurasa wa mwisho. Daktari alikuwa ameandika kwa mwandiko wa mtu anayekimbizwa: *Kifafa c.m.*

Sasa alikumbuka yote. Miezi minne iliyopita aliziona herufi zile mbili, akazitilia shaka. Faili lilitoka wodi ya wazazi. Alikwenda mpaka mlango wa wodi kuuliza. Daktari alipita kasi, koti likipepea. Hospitali nzima ilimwita Daktari Mbio. Kimya aliinua mkono, kisha akaushusha. Aliporudi ofisini alimuuliza Redio, mwenzake wa meza ya jirani.

"c.m.? Hiyo ni 'cha muda'," Redio alimwambia papo hapo. Redio alikuwa na jibu la kila swali, na mengine aliyapata akiwa tayari anayasema.

Kimya hakuamini. Lakini aliandika.

"Njoo Alhamisi, dada," alimwambia dereva. "Nitalishughulikia."

"Usinisahau," dereva alisema. Ukali ulikuwa umemtoka. Kilichobaki usoni kilikuwa woga mtupu. "Watoto wale arobaini nawajua mmoja mmoja. Nikishuka kwenye basi, sijui nitakuwa nani."

Alipoondoka, Redio alisogeza kiti. "Jambo dogo hilo. Ingia kwenye kompyuta, toa G40, weka msimbo mwingine. Nani atajua? Na kumbuka usaili uko mwisho wa mwezi. Ukienda kujishtaki sasa, mimi nitapita bila kupingwa." Alicheka, ila kweli alikuwa ameomba nafasi ileile.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya msimamizi wa kitengo. Msimamizi wao, Bibi Faili, alikuwa anastaafu. Yeye ndiye aliyemsukuma Kimya aombe. Kimya alijaza fomu usiku mmoja, na tangu hapo hakupata usingizi mzuri.

Bibi Faili aliporudi kutoka kikaoni, Kimya alimpelekea faili bila neno. Mama yule alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"c.m. ni 'cha mimba', mwanangu. Kifafa cha mimba. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Kifafa cha kawaida ni ugonjwa wa ubongo, na si aibu. Mtu akipata dawa anaishi maisha yake. Lakini kifafa cha mimba ni hatari ya uzazi. Presha ya mama mjamzito inapanda. Kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, uso na mikono vinavimba. Asipowahishwa hospitali, anaweza kupata degedege, na tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Msimbo wake ni O15."

"Redio anasema nibadilishe tu."

"Redio apige muziki. Sisi hatubadilishi maneno ya daktari kwa kubahatisha. Ulibahatisha mara ya kwanza. Ukibadilisha kimyakimya sasa utakuwa umebahatisha mara mbili, na kosa lenyewe litabaki palepale, ila limevaa nguo safi. Mwandishi wa misimbo akitia shaka anamuuliza daktari kwa maandishi. Daktari anafafanua na kutia saini. Ndipo msimbo unasahihishwa, na ule wa zamani unaachwa uonekane, na tarehe kando yake."

Kimya alitazama sakafu. "Na mkuu wa hospitali?"

"Lazima ajue. Je, ni faili hili moja tu?"

Swali hilo lilimfuata mpaka nyumbani.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anafumua gauni la mteja. Nyuzi zilijaa mapajani.

"Mbona kama kuku aliyenyeshewa?" mama aliuliza.

Kimya alimweleza, bila kutaja mgonjwa. Alieleza kosa, usaili, na mkuu wa hospitali. "Nikisema, wataniona sifai kuongoza hata penseli mbili."

Mama alivuta uzi taratibu. "Hili gauni nimelikosea mwenyewe. Bega moja limepanda. Ningeweza kumpa mwenyewe nikamwambia asigeuke mbele ya kioo. Lakini atageuka, mwanangu. Watu hugeuka." Alikata uzi kwa meno. "Kwa hiyo nafumua."

Jumatano saa mbili Kimya alisimama katikati ya ukumbi wa wodi ya wazazi. Hakusimama mlangoni tena. Mkononi alishika faili na karatasi ya swali. Daktari Mbio alitokea, koti likipepea.

"Nipishe, binti!"

Kimya hakupisha. "Daktari, samahani. Hapa uliandika c.m. Ulimaanisha nini?"

Daktari alisimama. Pengine hakuwahi kusimamishwa. Alisoma. "Kifafa cha mimba. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua," Kimya alisema. "Nikaandika kifafa. Huyu mama anaendesha basi la shule, na Ijumaa atanyang'anywa kazi."

Daktari aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akaandika maneno matatu kamili, akatia saini. "Ningetumia sekunde mbili zaidi siku ile," alisema, kama anayejisemea.

Mchana ule Kimya na Bibi Faili walitafuta kwenye kompyuta. Waliomba orodha ya kina mama wote wa wodi ya wazazi walioandikiwa G40 mwaka ule. Kimya aliomba Mungu liwe faili moja. Yalikuwa kumi na mawili. Manane yalikuwa na saini yake, na manne ya Redio. Waliyapeleka yote kwa Daktari Mbio, moja moja. Kumi na moja yalikuwa kifafa cha mimba. Moja tu lilikuwa kifafa kweli.

Redio alizitazama saini zake. Kwa mara ya kwanza redio ilizimika.

Alhamisi asubuhi walikwenda kwa mkuu wa hospitali. Mkunga mkuu aliitwa pia. Kimya alisimama akishika ncha ya meza.

"Nilikosea," alisema. "Nilitia shaka, nikaogopa kuuliza. Nikaandika nisilolijua."

Mkunga ndiye aliyejibu kwanza. "Kumi na moja? Stoo ya dawa ilituambia mwaka huu kuna watatu tu! Ndiyo maana sindano za kifafa cha mimba zinatuishia. Mwezi uliopita nilimtuma mtu akaazime hospitali ya jirani, huku mama anatetemeka kitandani."

Kimya alimgeukia. "Mama yule...?"

"Alipona. Tuliwahi. Lakini aliponea chupuchupu."

Kimya alikaa bila kuambiwa. Alikuwa akidhani anaandika yaliyokwisha kupita. Kumbe stoo huagiza dawa kwa hesabu ya misimbo yake, na misimbo hiyo ndiyo inayoonyesha wodi ipi ina wakunga wachache. Alikuwa na mkono wake kwenye kitanda cha kila mama, na hakujua.

Mchana dereva alipata barua mpya. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. "Kwa hiyo sina kifafa?"

"Huna. Ulipata kifafa cha mimba. Ukibeba mimba nyingine, njoo kliniki mapema, wakupime presha kila mara. Usingoje kichwa kiume."

"Mimba nyingine?" Dereva aliangua kicheko. "Acha kwanza niendeshe basi!"

Katika wiki mbili zilizofuata mambo yalibadilika. Kila faili lilipewa karatasi ya swali. Madaktari walikubali kuandika jina la ugonjwa kwa ukamilifu. Redio alipita wodini akiwaeleza wauguzi, na kwa kuwa alikuwa na mdomo, walimsikiliza. Stoo iliagiza dawa upya. Asubuhi basi la shule la njano lilipopita nje ya hospitali, lilipiga honi mara mbili, na Kimya alijua ni salamu yake.

Siku ya usaili ilifika. Meza ilikuwa ndefu. Upande wa pili walikaa mkuu wa hospitali, mkunga mkuu na Bibi Faili.

"Kitengo hiki hakina kazi moja," Bibi Faili alianza. "Yuko anayeandika misimbo. Yuko mkaguzi anayerudia mafaili kutafuta makosa. Yuko anayefundisha wapya. Redio ametuambia leo asubuhi kwamba angependa kufundisha, na tumeona anafaa. Msimamizi lazima awajue wote, aketi na madaktari, na aseme hapana inapobidi. Wewe, binti yangu, unasemaje kuhusu nafasi hii?"

Kimya aliinyoosha sketi yake.

"Mkiona inafaa," alisema.

Mkuu wa hospitali aliinamisha kichwa aandike. Bibi Faili aliinua kidole, akamzuia. Alivaa miwani yake polepole, akamtazama Kimya kama anavyotazama faili lenye mwandiko mbaya.

"Wewe nawe unafupisha maneno kama Daktari Mbio," alisema. "'Mkiona inafaa.' Hapo mimi siwezi kuandika kitu, nitakuwa nabahatisha. Ulimaanisha nini?"

Nje, mbali kidogo, honi ililia mara mbili.

Kimya aliinua uso.

"Nilimaanisha naitaka," alisema, na kila mtu alimsikia.