Aliionja Kahawa Yangu Kabla Yangu

"Nani kakupa hiki?"

Arnulfo alikuwa amesimama katikati ya jiko, kofia kichwani, mkononi kashika birika la kioo lenye mfuniko wa bati na kijiti kirefu kilichochomoza juu. Alikuwa anatafuta kisu cha kukatia ndizi, akalikuta nyuma ya pipa la unga wa mahindi, limeviringishwa kwenye taulo utafikiri mtoto mchanga.

Mkewe Edilma hakugeuka. Alikuwa anageuza arepa, mikate ya mahindi, kwenye kikaango.

"Nimenunua."

"Kwa hela ipi?"

"Ya mayai."

"Na kazi yake nini?"

"Kuandalia kahawa. Unamwaga maji, unasubiri, halafu unasukuma hicho kijiti, chujio linashuka na machicha yanabaki chini."

"Kahawa si hiyo hapo sufuriani? Miaka kumi na minne unachemsha, unachuja kwa kitambaa, hujawahi kulalamika. Leo kahawa imekuwa dawa, inahitaji chupa?"

"Liweke chini, litavunjika."

"Na kwa nini umelificha?"

"Kwa sababu ya hivi unavyofanya sasa."

Arnulfo aliliweka mezani, lakini moyo wake haukutulia. Mwanamke hafichi kitu alichonunua kwa hela yake mwenyewe. Kinachofichwa ni kile alichopewa.

Huko milimani juu ya Pitalito, kusini mwa Kolombia, watu wote wanalima kahawa, na kila nyumba ina sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Kahawa nzuri ni ya kuuza, makapi ni ya kunywa. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zile nyeusi ambazo mnunuzi anazirudisha huku kakunja pua, ndizo zinazobaki nyumbani. Zinakaangwa mpaka ziwe mkaa, zinachemshwa na sukari guru, watu wanakunywa na kumshukuru Mungu. Arnulfo alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na tangu azaliwe kahawa yake nzuri hakuwahi kuinywa hata tone. Wala hakuona ajabu. Baba yake alikufa hivyohivyo.

Edilma akatoka kwenda kuwapa kuku chakula. Simu yake ikabaki mezani, ikalia mara moja. Arnulfo alijiambia hataiangalia. Akaiangalia.

"Kesho saa nne usikose, Edilma. Lete tena ile ya shamba la juu. Tangu Jumanne ladha yake haijanitoka mdomoni. Leandro."

Aliisoma mara tatu. Neno lililomchoma ni hilo *tena*. Shamba la juu alilipanda kwa mikono yake mwaka waliooana, mche kwa mche, mgongo ukimuuma mpaka analala kifudifudi. Yeye mwenyewe hajui lina ladha gani. Na sasa yupo mwanaume fulani, Leandro nani sijui, ameshaionja na anataka nyingine.

Edilma alipoingia, alimkuta mumewe amekaa, mikono juu ya magoti.

"Kesho una safari?" Arnulfo aliuliza.

"Nashuka mjini kwa dada Amparo. Mgongo bado unamsumbua."

"Mpe pole."

"Zitafika."

Basi. Usiku ule kila mmoja aliuangalia ukuta wake.

Asubuhi Edilma alipanda gari la saa mbili, kapaka rangi ya mdomo. Rangi ya mdomo, kwenda kumkanda dada mgongo! Arnulfo alisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi jikoni, akalishika lile birika na kulitazama kama mtu anavyomtazama mgoni wake.

"Haya," aliliambia. "Tuone huyo bwana anajua nini ambacho mimi sijui."

Kwenye kopo la chumvi alikuta mabaki ya punje zilizokaangwa, za rangi ya hudhurungi, si nyeusi kama alizozizoea. Akazitia kwenye kinu cha mkono, akazisaga. Akazisaga tena. Akazisaga mara ya tatu mpaka zikawa unga laini kama poda ya mtoto, maana aliamini ukisaga zaidi unafaidi zaidi. Maji yalipokuwa yanaruka sufuriani akayamimina yote, mpaka ukingoni, akafunika na papo hapo akaanza kusukuma kijiti.

Kijiti hakikushuka.

"Unanigomea wewe?"

Akaweka viganja vyote viwili. Hakikushuka. Akapanda juu ya kigoda, akaegemeza kifua, akasukuma kwa nguvu za mtu anayebeba magunia ya kilo sitini.

Hasira hasara. Kahawa ilifyatuka kutoka pembeni, ikampata shati, shingo na masharubu, na nyingine ikafika mpaka kwenye picha ya Bikira Maria ukutani.

"Mama yangu weee!"

Nohemí, jirani yao, alikuwa anapita na ndoo. Huyo mama hahitaji kuitwa mara mbili. Akaingia.

"Don Arnulfo! Umepigwa risasi?"

"Kahawa, Nohemí. Kahawa tu."

"Unapika wewe? Edilma yuko wapi?"

"Kwa dada yake. Mgongo unamuuma."

Nohemí akaweka ndoo chini taratibu, kama mtu anayejiandaa kula.

"Amparo? Amparo nilimwona jana sokoni kabeba gunia la viazi begani. Anacheka."

Arnulfo alilamba masharubu. Chungu kama shubiri.

"Unasema kweli?"

"Mimi mtu wa kusema uongo? Na mkeo nimemwona Jumanne mbili hizi anaingia pale kwenye chumba cha kuonjea kahawa cha ushirika wa wakulima. Kuna kijana katoka Bogotá, ndevu amezichonga, ananukia hadi barabarani. Lakini mimi sisemi kitu. Lisemwalo lipo."

Arnulfo hakubadilisha shati. Alifunga panga kiunoni, kama anavyofanya kila siku akienda shambani, ila leo hakwenda shambani.

*

Alifika ushirika saa nne na nusu. Mlangoni dada mmoja mwenye daftari alimkuta anapepesa macho, akaona kofia na panga na doa kubwa kifuani, akadhani ni mkulima kati ya wageni walioalikwa.

"Karibu, don. Panga acha hapa. Chukua kijiko."

"Sijaja kula, binti."

"Hata sisi hatuli. Tunaonja. Pita, wanawake wa mafunzo wameanza."

Akajikuta ndani, kijiko mkononi, kati ya wanunuzi wenye mashati yaliyopigwa pasi. Juu ya meza ndefu yalipangwa mabirika matano ya kioo, sawasawa na lile la nyumbani, kila moja na namba yake na kikombe chake. Nyuma ya meza walisimama wanawake kumi na wawili wenye aproni. Wa nne kutoka kushoto alikuwa Edilma.

Edilma alimwona. Rangi ya mdomo ilibaki, ya uso ikaondoka.

"Hatutaji majina," alisema kijana mwenye ndevu zilizochongwa. Alikuwa Leandro, hakuna haja ya kutambulishwa. Alinukia kweli. "Kwanza ulimi, majina baadaye. Mgeni wetu mpya, anza wewe, mzee."

Mzee! Arnulfo alimeza hilo neno, akachovya kijiko kwenye namba moja, akavuta. Namba mbili. Namba tatu. Kila moja ilipita mdomoni nyepesi, ina uchachu kidogo, ina kitu kama ua. Alizidi kukasirika. Hiki ndicho walichomfundisha mkewe? Kisha akafika namba tano. Mdomo wake ukafunguka, mabega yakashuka. Ilikuwa nzito, nyeusi, chungu, ladha ya asubuhi zote za maisha yake.

Aligonga kijiko mezani.

"Hii ndiyo kahawa! Nyingine hizo chai ya maua. Aliyepika hii namba tano anajua kazi."

Chumba kizima kilicheka. Wanunuzi walicheka, dada wa daftari alicheka, wanawake wengine walicheka kwa kujificha nyuma ya aproni. Edilma peke yake hakucheka.

"Mzee," alisema Leandro, akifuta jicho, "namba tano ni makapi. Tumeiweka makusudi, watu wajue kahawa iliyoharibika ina ladha gani. Na namba mbili, hiyo chai yako ya maua, ndiyo bora kuliko zote za msimu huu. Imetoka mlimani, shamba la juu la..."

"La kwake," alisema Edilma.

Kicheko kilikatika.

"Shamba la juu ni la kwake. Huyu ni mume wangu. Hiyo kahawa mnayoisifu tangu Jumanne, yeye ndiye aliyeipanda."

Leandro alimtazama Arnulfo kuanzia kofia mpaka buti, akaishia kwenye doa la shati. Akatabasamu upande mmoja.

"Huyu? Sasa naelewa. Edilma, kuhusu ile kazi niliyokutafutia Bogotá, bado unafikiria?"

Edilma akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka mbele ya Leandro.

"Umemcheka kwa kuwa hajui ladha ya kahawa yake. Angeijulia wapi? Yote mmenunua ninyi. Wewe ulizaliwa ukainywa, yeye alizaliwa akaibeba. Usimcheke tena mbele yangu."

Akatoka nje. Arnulfo akamfuata, kijiko bado mkononi.

*

Walikaa kwenye ngazi za ghala.

"Nimesoma ujumbe wake," alisema Arnulfo.

"Najua. Niliikuta simu imegeuzwa."

"Na Amparo anabeba viazi."

"Nohemí huyo." Edilma alivuta pumzi. "Nimekudanganya, Arnulfo. Hilo siwezi kulipaka rangi."

"Ulitaka kwenda naye?"

"Nilifikiria. Siku tatu."

"Kwenda Bogotá, au kwenda naye?"

Edilma alifuta vumbi kwenye ngazi kwanza, na huko kuchelewa kukamuuma mumewe kuliko maji ya moto.

"Vyote viwili," alisema. "Hajanigusa hata kidole, usinitazame hivyo. Unataka kujua alinifanyia nini? Aliweka kikombe mbele yangu akaniuliza, Edilma, wewe unaonaje? Halafu akanyamaza, akasubiri. Basi. Miaka kumi na minne tuko pamoja, wewe hujawahi kuninyamazia usikie ninachosema."

Arnulfo alifungua mdomo ajitetee. Akaishia kukigeuzageuza kijiko mkononi.

"Ile namba mbili, siku ya kwanza kuionja nililia," Edilma aliendelea. "Nililia kwa sababu ni yetu. Tumezeeka nayo na hatuijui. Nikanunua birika nikuandalie. Kila asubuhi nilisema, leo. Kila asubuhi ukaingia na maneno ya baba yako, nzuri ya kuuza, makapi ya kunywa. Nikarudisha birika kwenye taulo."

"Mimi leo nimelijaribu."

"Naona." Aligusa doa la shati. "Umesaga mpaka ikawa unga?"

"Mara tatu."

"Na maji yanatokota?"

"Yanaruka."

"Na ukasukuma kwa kifua."

"Nani kakwambia?"

Hapo Edilma akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Arnulfo hakujua kama ni ya kicheko au ni yale mengine.

"Inasagwa chengachenga, kama chumvi ya mawe," alisema, akijifuta. "Maji yakichemka unayaacha yapumue kidogo. Unamimina, unasubiri dakika nne. Halafu unasukuma taratibu, na unamimina kikombeni palepale, isikae juu ya machicha ikawa chungu. Haitaki nguvu hata kidogo."

Arnulfo akainuka.

"Unakwenda wapi? Arnulfo! Usipigane!"

Hakupigana. Alirudi ndani, akapita katikati ya mashati yaliyopigwa pasi, akachukua kikombe cha namba mbili kilichokuwa kimeshapoa na kukinywa polepole chote. Watu walimtazama. Akalamba masharubu, akakirudisha kikombe mezani.

"Haya," alimwambia Leandro. "Mafunzo yenu yanaisha lini?"

"Novemba. Lakini ni ya wanawake wa..."

"Kuna sheria inakataza wanaume?"

"Sheria hakuna."

"Niandike."

"Kwa nini, mz... don Arnulfo?"

"Kwanza, kahawa siijui. Pili, wewe sikuamini."

Safari hii walicheka naye. Leandro naye alicheka, ingawa si sana, akaandika jina la kumi na tatu kwenye daftari. Edilma alikuwa amesimama mlangoni. Aliichukua aproni yake mezani, akaivaa, akachukua nyingine akamfunga mumewe kiunoni, fundo gumu kidogo kuliko inavyopasa.

Akamwekea birika tupu mbele yake. Akampa kahawa iliyosagwa chengachenga. Arnulfo alimimina maji, povu la kahawia likapanda kwenye kioo, harufu ikamfika usoni.

"Sasa mikono mbali," alisema Edilma. "Dakika nne."

"Dakika nne zote nifanye nini?"

"Niulize kitu."

Arnulfo alimtazama Leandro upande wa pili wa meza. Akamtazama mkewe. Wivu alikuwa nao bado, hakuumeza, aliushikilia tu.

"Bogotá," aliuliza kwa sauti ya chini. "Bado unaifikiria?"

"Kidogo," alisema Edilma.

Arnulfo akafungua mdomo, akaufunga, akasubiri kusikia yaliyobaki.