Golikipa Aliyenenepeshwa na Televisheni

Kila Ijumaa baada ya masomo, Torunn alikwenda kwa bibi yake, Åshild, pale mjini Mosjøen, Norwe. Walikula mkate wenye jibini ya kahawia, kisha wakatazama kituo cha televisheni cha mji.

Ijumaa hiyo kituo kilionyesha fainali ya mpira wa mikono ya mwaka 1986. Bibi Åshild ndiye aliyekuwa golikipa. Lakini mwanamke aliyetokea kwenye kioo alikuwa mfupi, mpana kama kabati. Bibi aliweka kikombe chini, akasogea karibu na kioo.

Jumatatu shuleni, Sivert alimngoja Torunn mlangoni.

"Bibi yako hakuwa golikipa," alisema. "Alikuwa goli lenyewe."

Darasa zima lilicheka. Torunn alirudi kwa bibi yake akiwa amefura kwa hasira. Akaandika barua ya kumwita mhariri wa kituo mwongo na mshenzi.

Bibi aliisoma, akaichana. "Mimi pia damu inanichemka, mjukuu wangu. Lakini matusi atayatupa pipani. Umepima?"

"Nipime nini?"

"Mpira. Mpira ni duara, hata ukiwa wa zamani."

Walifungua kipindi kile tena, wakakisimamisha mahali mpira ulipoonekana kwa karibu. Torunn akaweka rula kwenye kioo. Upana sentimita nane, urefu kwenda juu sita. Akasoma vitabuni na kuelewa: kamera za zamani zilipiga picha yenye uwiano wa upana kwa urefu wa nne kwa tatu, lakini televisheni za sasa ni pana zaidi, kumi na sita kwa tisa. Kituo kilikuwa kimeivuta picha pembeni ili ijaze kioo.

Kesho yake walikwenda kituoni. Mhariri, Bwana Eskil, aliwapokea akiwa amesimama.

"Picha za zamani ndivyo zilivyo," alisema. "Tena tumeziongezea nukta zinazounda picha. Sasa zina ubora wa juu."

"Nukta hizo hazikutoka uwanjani," Torunn alijibu. "Mashine imezikisia tu. Na mpira je? Mwaka ule walichezea yai?"

Akamkabidhi karatasi ya vipimo. Bwana Eskil aliisoma hadi mwisho.

"Tukiacha milia myeusi pembeni, watazamaji hupiga simu kulalamika," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo ukaona heri kunitanua mimi," Bibi alisema. "Wenzangu wawili wa timu ile wamekwisha kufa. Wajukuu wao wanaona nini?"

Bwana Eskil akavuta kiti, akaketi. Akaomba radhi.

Ijumaa iliyofuata kipindi kilirudiwa, chenye milia myeusi kulia na kushoto, na Bwana Eskil akaeleza kosa lake mbele ya mji mzima. Bibi Åshild alionekana mwembamba, mrefu, akiruka kuokoa penalti ya mwisho. Simu ya Torunn ikalia. Ni Sivert.

"Nilikosea," alisema. "Mwambie bibi yako aliruka vizuri."

Torunn alifikisha salamu, kisha akauliza, "Bibi, kwa nini hukuniacha nimtukane yule bwana? Alistahili."

"Alistahili, ndiyo. Lakini hasira yako angeweza kubishana nayo mpaka jioni. Vipimo vyako vilimnyamazisha. Ukidhulumiwa, mwanangu, kasirika, kisha pima, ndipo uende ukaseme."