Mkono wa Barafu Kwenye Sharubati

Kasoro ilikuwa kwenye kidole kidogo. Marnie Stroud aliumenya ule mkono wa barafu kutoka ndani ya glavu ya mpira, polepole, kama mtu anayemvua mtoto soksi iliyolowa, na vidole vinne vikatoka vimenyooka vizuri. Cha tano kilitoka kimepinda kwa ndani, kama ndoana.

Akaitazama glavu. Glavu haikuwa na kasoro yoyote.

"Barafu ni barafu," akajiambia, akaurudisha mkono kwenye friza na kuufunga mlango kwa goti.

Alikuwa na kazi tele. Watoto wangefika giza likianza kuingia, wakishamaliza kugonga milango ya mtaa kuomba pipi, na meza ilikuwa bado nusu. Chakula cha Halowini hakitaki ufundi, kinataka subira. Soseji unaikata ncha, unaibandika kipande cha lozi kiwe ukucha, unaipaka sosi ya nyanya kule nyuma, na tayari una kidole kilichokatwa. Nyingine unaizungushia utepe wa unga, ikitoka kwenye oveni ni maiti ndani ya sanda, na vitone viwili vya haradali ndivyo macho. Zabibu unazimenya ganda ziwe macho. Tambi unazichemsha, unazipaka mafuta, unaziacha zipoe ziwe matumbo. Katikati ya meza unaweka bakuli la sharubati nyekundu, na ndani yake unaelea mkono wa barafu.

Kwa ajili ya mkono huo, ambao ni maji yaliyogandishwa ndani ya glavu, wanawake wengine hununua glavu nyembamba za dukani. Wake za wanaume wa kiwanda cha soseji hawanunui. Gereji zao zimejaa glavu nene za njano zinazokuja nyumbani kutoka kazini, na katika mji ule wa Ohio hakuna anayeuliza zilikuja vipi. Marnie alikuwa ameichukua ya chini kabisa katika boksi la mumewe.

Binti yake Delia, wa darasa la pili, aliingia jikoni amevaa mabawa ya popo, anaimba huku anaruka mguu mmoja.

"Emmett kafa, Emmett kafa, haya hapa macho yake! Emmett kafa, Emmett kafa, huu hapa..."

"Delia! Nani kakufundisha hivyo?"

"Si ule mchezo wa gizani, Mama. Tunapitishiana mabakuli."

"Mchezo naujua. Nauliza hilo jina."

Kila mtu pale aliucheza utotoni. Mnazima taa, mnakaa duara, mabakuli yanapita mkono kwa mkono, na anayeongoza anasema haya ni macho ya marehemu fulani, haya matumbo yake. Zamani marehemu alikuwa jina la kubuni tu, la mtu ambaye hakuzaliwa.

"Shuleni wote wanasema Emmett," Delia akajibu, akichovya kidole kwenye sosi. "Kwa sababu yeye alikatwa kweli."

"Na Fern anakuja leo! Unajua Emmett ni nani wake?"

"Mama, si wewe uliyesema lazima nimwalike? Mwalimu kasema ama darasa zima ama hakuna kadi hata moja. Halafu Fern mwenyewe hasemi kitu. Wanamwita mtoto wa mlevi, na hasemi kitu."

Marnie akageukia sinki, akafungua maji bila kuwa na cha kuosha.

Emmett Pruitt hakuwa mlevi. Mji mzima ulimjua: mtu mrefu, mpole, aliyevunjwa kidole kidogo na mpira wa besiboli alipokuwa kijana, kikaunga kimepinda. Masika yaliyopita mashine ya kusaga nyama iliumeza mkono wake wa kuume, akafa kabla gari la wagonjwa halijapata njia. Alizikwa mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini, kwa kuwa hapakuwa na cha kuujaza. Kiwanda kikatangaza kwamba alikuwa amekunywa. Aliyeshuhudia hivyo, mkono juu ya Biblia, alikuwa nyapara wake, Garth Stroud, mume wa Marnie.

Lakini siku ile ile ya ajali Garth alisimama hapa, mbele ya sinki hili, viatu vikiwa bado na damu, akamwambia mkewe, "Kifuniko cha mashine nilikitoa mimi. Alikataa kuingiza mkono, nikamwambia aache woga, tuna haraka." Kesho yake asubuhi, akipaka siagi kwenye mkate, akamwambia, "Jana hukunisikia nikisema kitu." Naye Marnie akamjibu, "Sikusikia." Wakala mkate. Watu wanaogopa makaburi. Mimi nasema waogope meza za namna hiyo.

Garth alirudi jioni na boga chini ya kwapa, akamkuta mkewe amesimama mbele ya friza.

"Mbona umeganda? Umejitia kwenye friza mwenyewe?"

"Sikiliza."

Friza lilikuwa likinguruma. Si mngurumo wake wa siku zote. Huu ulikuwa mzito, unaokwama na kuendelea, unaokwama na kuendelea, kama chuma kinachotafuna kitu kigumu. Na jikoni, juu ya harufu ya sukari na mdalasini, palikuwa na harufu nyingine: nyama mbichi ya baridi, pilipili manga, na dawa ya kusafishia sakafu.

"Harufu ya kiwandani hiyo," Garth akasema. "Ni mimi. Sijaoga."

"Nimeisikia kabla hujaja." Marnie akashusha sauti. "Garth, mkono umetoka na kidole kimepinda. Kile kidogo."

Garth akaliweka boga mezani. Kisha akacheka, kicheko cha mtu anayefunga mlango. "Mke wangu, wewe unaona maiti kwenye maji ya bomba. Weka kitu kwenye meza, watoto wanakuja."

"Tuutupe."

"Halafu mama zao waulize Marnie Stroud mwaka huu kakosa hata barafu? Uweke."

Akauweka. Ulielea kiganja juu, na sharubati ikafanya vidimbwi vidogo vyekundu kati ya vidole.

Watoto wakaja: wachawi, mifupa, paka wawili, mfalme mwenye kikohozi. Wakashangilia vidole, wakang'ata kucha za lozi, wakapaka haradali kwenye mapazia. "Bi Stroud, maiti yangu haina macho!" "Chukua yangu, mimi nishakula kichwa!" Fern Pruitt alikuja na shuka jeupe lililotobolewa matundu mawili, vazi la mtoto ambaye mama yake hakuwa na moyo wa kushona. Alisimama kando ya bakuli, hakula soseji. Alikuwa anautazama ule mkono.

Marnie alikuja kumpa keki, akagundua jambo. Sharubati ilikuwa imeteremka nusu, watoto wameinywa na kurudia, jikoni kuna joto la oveni, na mkono haukuyeyuka hata ncha ya ukucha. Halafu akaona kwamba kweli ulikuwa na kucha.

"Mchezo! Mchezo!" Delia akapiga kelele. Kabla Marnie hajasema neno, Garth, akicheka na yule mfalme mwenye kikohozi, aliuopoa mkono kwa koleo la saladi, akautia kwenye sufuria, akauteremsha pamoja na mabakuli mengine kwenye chumba cha chini ya nyumba. Watoto wakamfuata kwa vishindo. Marnie akashuka nyuma yao. Taa ikazimwa.

"Emmett kafa, Emmett kafa," sauti ya Delia ikaanza, "haya hapa macho yake."

Vicheko. Mtu akasema yanateleza. Bakuli likapita.

"Emmett kafa, Emmett kafa, haya hapa matumbo yake."

Marnie alitaka kusema basi. Neno lilikuwa mdomoni, lakini ulimi wake ulishajifunza kukaa. Chini ya vicheko vya watoto alisikia ule mngurumo ukishuka ngazi, unakwama na kuendelea, na harufu ya nyama na dawa ya sakafu ikajaa chumba, hata mtoto mmoja akauliza nani kajamba na wenzake wakaangua kicheko, na kicheko kile kikakatika kabla hakijaisha, kama uzi.

"Emmett kafa, Emmett kafa," Delia akasema, sasa polepole, "huu hapa mkono wake."

Sufuria likapita. Mtoto wa kwanza alipiga ukelele na kuucheka ukelele wake mwenyewe, wa pili akasema baridi, wa tatu akausukuma mbele upesi, na ulipofika kwa Fern palitulia, palitulia sana, hata Marnie akadhani mtoto ameondoka, mpaka aliposikia sauti ndogo ndani ya shuka ikisema, bila hofu, kama mtu anayemwamsha mwenziwe, "Baba?" kisha, baada ya muda kama wa kusikiliza jibu, "Haya," na sufuria likasogea tena gizani kwa yule aliyefuata, na aliyefuata alikuwa Delia.

"Mama," Delia akasema. "Mama, mkono umenishika. Mama, hauniachii. Mama!"

Marnie alipapasa ukuta akitafuta swichi, akaukuta ukuta una unyevu na baridi kama ukuta wa chumba cha nyama, akapapasa na kupapasa, na nyuma yake watoto walikuwa wanalia wote kwa pamoja na mngurumo ulikuwa umewafunika wote, na mkono wake ulipoipata swichi hatimaye, na taa ilipowaka, mngurumo ulikoma ghafla, na sufuria lilikuwa sakafuni, tupu na kavu.

Delia alikuwa amesimama katikati ya duara, mkono wake wa kulia umenyanyuliwa kando, mweupe hadi kiwikoni. Kwenye kifundo palikuwa na alama za vidole. Nne zilizonyooka, na moja ndogo iliyopinda. Mbele ya macho ya wote ngozi iliendelea kubonyea, kama inavyobonyea ngozi inayoshikwa.

Akina mama walikuwa wameshafika kuchukua watoto, wakashuka ngazi na makoti yao. Nyuma yao alikuja Nadine Pruitt, mjane. Aliziangalia zile alama mara moja tu, akapiga magoti mbele ya mtoto wa adui yake.

"Emmett," akanong'ona. "Mwachie. Huyu hakukufanyia kitu."

Ngozi ya Delia ikapata rangi kidogo, kisha weupe ukarudi. Nadine akainua kichwa kumtazama Marnie.

"Maneno yangu hayatoshi. Mimi hakuna nisilomwambia. Anataka kuyasikia kwenu. Sema hakuwa amelewa. Loo, Marnie, sema hilo tu! Mtoto wako anaganda."

"Baridi inapanda, Mama," Delia akalia. "Inafika begani."

Marnie akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, tangu masika: kifuniko, haraka, hukunisikia. Akamwona Garth juu ya ngazi, na Garth hakusema chochote ila jina lake, "Marnie," kwa upole, kama alivyolisema siku ya mkate na siagi. Akaona nyuso za wale wanawake, waume zao wote wa kiwandani, nyuso zilizokuwa zinamsihi, na hazikuwa zinamsihi aseme.

"Ni barafu tu," Marnie akasema. "Ameshika barafu muda mrefu mno."

"Ni barafu," mmoja wa wale wanawake akaitikia haraka. "Wangu mwaka jana aliungua kiganja hivyo hivyo." Na mwingine akasema ndiyo, barafu ni mbaya, na wote wakaanza kutafuta kofia za watoto wao.

Delia akanyamaza. Hakulia tena kabisa. Bega lake likalegea, kama mtoto aliyekuwa anang'ang'ana na mtu mzima njiani kisha akakubali kwenda naye.

Nadine alisimama, akamvua binti yake shuka, akamshika mkono. Mlangoni Fern aligeuka akapunga. Hakumpungia Delia. Alipunga juu zaidi, kimo cha mtu mrefu aliyesimama kando yake.

Daktari alisema damu inatembea, mifupa ni mizima. Mchungaji alikuja akaomba, akanywa kahawa, akasema watoto wana mawazo mengi. Garth alizichoma glavu zote nyuma ya nyumba. Halowini iliondoka, maboga yakaozea kwenye ngazi za watu, na theluji ikaanguka. Delia anaenda shule kama kawaida, ila mkono wake wa kulia hutembea umenyanyuka kando, na kwenye kuvuka barabara husimama kwanza, husubiri, kisha huvuka wakati hakuna aliyemwambia vuka. Darasani ameacha kuuimba ule wimbo. Kidole chake kidogo kimeanza kupinda.

Juzi Marnie alikwenda naye dukani. Barabara ilikuwa na utelezi, akanyoosha mkono amshike, akakuta hewa ya baridi pale alipotarajia mkono wa mwanawe.

"Huu umeshikwa, Mama," Delia akasema.

"Na mpaka lini?" Marnie akauliza, akanong'ona, machozi yanamganda mashavuni. "Muulize. Mpaka lini?"

Delia akainua uso, akasikiliza juu ya bega lake, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama alivyofunzwa kuitikia watu wazima.

"Anasema mwenye haraka alikuwa Baba," akasema. "Yeye hana."